Nesi, tukiandika nani atasoma? Kisa cha Wameru wa Engare Nanyuki (posti 6)

POSTI YA 1

Najua niliahidi wiki hii tuendelee na chakula cha mtoto wa miezi sita. Tutaendelea, msijali, uji haukimbii. Lakini leo naomba niwasimulie kitu kingine, maana kuna mama mmoja kaniuliza swali kliniki na nimeshindwa kulala nalo.

Iko hivi. Kliniki ninayofanyia kazi, huku upande wa mlima, kwa miaka miwili mama wamekuwa wakisubiri kupima watoto nje, juani. Mvua ikinyesha, mnajibana ukutani na vitoto mgongoni. Bomba la kunawia nalo limekauka. Kila siku ya kliniki ni kunung'unika. Mama akinung'unika kwangu, nami naitikia, "Kweli mama, pole." Jioni tunarudi makwetu, mwezi ujao yale yale.

Siku moja nikawaambia, jamani, kwa nini msiandike? Andikeni barua, wekeni majina, ipelekeni kijijini na kwenye kamati ya kituo. Mama mmoja mwenye mapacha akanitazama akasema, "Nesi, tukiandika nani atasoma? Sisi ni watu wa kubeba ndizi."

Watu wa kubeba ndizi. Sikuwa na jibu pale pale. Nilipofika nyumbani jibu likanijia, na jibu lenyewe lilitoka huku huku mlimani, miaka zaidi ya 70 iliyopita. Tulia nikusimulie.

POSTI YA 2

Ukitoka Usa River ukapanda kupita Ngurdoto, ukakatiza ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha hadi Momela, unatokea upande wa pili wa Mlima Meru. Huko kukavu kidogo, Kilimanjaro inaonekana waziwazi, upepo haupungui. Hapo ndipo Ngarenanyuki, zamani ikiandikwa Engare Nanyuki. Jina ni la Kimaasai, maana yake maji mekundu. Leo wengi wenu mnapajua kwa nyanya zinazoshuka Tengeru na Arusha mjini. Na sisi wa afya tunapajua kwa maji yenye floridi nyingi, yale yanayoacha meno ya watoto na rangi ya kahawia. Hilo nalo lina siku yake, nitaliandikia.

Ili uelewe kilichotokea pale, lazima uanze na Wajerumani. Mwaka 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ovir na Segebrock, waliuawa pale Akeri. Wajerumani walilipiza vibaya sana: watu waliuawa, ng'ombe wakaswagwa. Baadaye likajengwa boma la Arusha, lile lile ambalo leo ni makumbusho pale mjini. Kisha ardhi ya chini ya mlima ikaanza kugawiwa walowezi, Wajerumani na Makaburu waliotoka Afrika Kusini. Mashamba yao yakauzunguka mlima kama mshipi. Wameru wakabaki juu kwenye migomba na kahawa, na ng'ombe wao wakitaka kushuka kwenye malisho na magadi, wanakuta shamba la mtu.

Vita Kuu ya Kwanza ikaisha, Mjerumani akaondoka, Mwingereza akaingia. Mshipi ukabaki. Ila upande wa Engare Nanyuki Wameru walikuwa wanaishi, wanalima, wanafuga. Tena walieleza baadaye kwamba sehemu ya ardhi hiyo walikuwa wameinunua tena kwa fedha zao wenyewe. Hebu fikiria, unanunua kilichokuwa chako, unatulia, unasema basi yameisha.

Hayakuisha. Watu waliongezeka, ardhi ikabana, malalamiko yakazidi. Serikali ikamteua Jaji Mark Wilson achunguze habari ya ardhi ya Arusha na Moshi, na ripoti yake ikatoka mwaka 1947. Ndani yake kulikuwa na mambo ya kuwapa Waafrika baadhi ya mashamba. Lakini pia kulikuwa na wazo la kupanga watu kwa rangi: Wazungu wawe na eneo lao moja lisilokatika, Waafrika lao. Engare Nanyuki ikaangukia upande wa Wazungu, kwa ajili ya ufugaji wa kisasa wa ng'ombe. Wameru waliokuwa pale wakaambiwa wahamie King'ori, upande wa chini, kwenye joto.

POSTI YA 3

Sasa hapa nisikilize vizuri, maana watu wengi husimulia kisa hiki kama vile serikali ya wakati ule haikuwa na hoja kabisa. Hoja walikuwa nayo. Walisema King'ori ni pakubwa. Walisema watalipa fidia. Walisema wataweka maji na huduma. Ukisoma kwenye karatasi, unaweza kudhani watu wale walikuwa wanakataa bahati.

Wameru walijibu kwamba King'ori kuna malaria, kuna magonjwa ya ng'ombe, na hawakupataka. Zaidi ya yote, hawakuwa wamekubali.

Mimi kama muuguzi nikifika hapo huwa nasimama. Kazini tuna neno moja: ridhaa. Mama amekuja kujifungua, imeonekana anahitaji upasuaji. Daktari anajua, mimi najua, vipimo vinaonyesha. Bado tunakaa naye, tunamweleza kwa lugha anayoielewa, tunampa karatasi ya ridhaa aweke sahihi. Hata kama tunachotaka kumfanyia ni kizuri, mwili ni wake. Ukimfanyia mtu jambo zuri bila kumwuliza, umemfanyia lako, si lake.

Wale watu hawakuwekewa karatasi ya ridhaa. Waliwekewa tarehe.

Tarehe yenyewe ilikuwa 17 Novemba 1951. Gavana wakati huo alikuwa Sir Edward Twining. Polisi walifika Engare Nanyuki, watu wakatolewa majumbani, nyumba zikachomwa moto. Waliohamishwa walikuwa kama 3,000. Na eneo walilopisha lilikusudiwa kugawanywa mashamba 13 ya Wazungu. Rudia hiyo hesabu taratibu: watu 3,000, mashamba 13.

Novemba ni mwezi wa vuli. Wewe uliyelea mtoto huku mlimani unaijua baridi ya usiku wa Novemba, mtoto akikohoa unavyomfunika khanga mbili na sweta. Kati ya watu 3,000 lazima kulikuwa na wajawazito, kulikuwa na waliojifungua juzi bado wanapikiwa mtori, kulikuwa na vichanga. Sihitaji kuongeza chumvi. Wewe mwenyewe ukifumba macho unaona.

Na Wameru hawakupigana. Walikumbuka mwaka 1896, walijua bunduki inafanya nini. Walichofanya ni kukataa: walikataa fidia, na wengi wakakataa King'ori. Badala yake walienda kujibana kwa ndugu zao juu mlimani.

Halafu wakaandika.

POSTI YA 4

Hapa ndipo ninapotaka yule mama wa mapacha anisikie.

Wameru walikuwa na umoja wao, Umoja wa Raia wa Meru. Katibu wao alikuwa kijana wa kwao, Kirilo Japhet. Mwanasheria wao alikuwa Earle Seaton, mtu mweusi mzaliwa wa Bermuda, aliyekuwa na ofisi Moshi. Hawa wawili na wazee waliokuwa nyuma yao waligundua mlango ambao wengi hawakuujua.

Tanganyika haikuwa koloni kama Kenya. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilikuwa nchi ya udhamini: Mwingereza aliitawala, lakini chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, na alipaswa kutoa hesabu kwenye Baraza la Udhamini huko New York. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa, ibara ya 87, ulisema baraza hilo linaweza kupokea maombi na malalamiko kutoka nchi hizo na kuyachunguza. Watu wa Togo, Waewe, walikuwa wameshautumia mlango huo: mwaka 1947 Sylvanus Olympio alisimama mbele ya baraza lile kuwasemea. Kwa hiyo mlango ulikuwepo. Ulikuwa unasubiri mtu wa Tanganyika aubishe.

Wakachanga. Watu wa migomba na kahawa, ambao wenzao walikuwa wamechomewa nyumba, walitoa fedha za kumpeleka mtu wao ng'ambo. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akapanda ndege. Yeye na Seaton wakasimama mbele ya Baraza la Udhamini, wakaeleza: ardhi yetu ni hii, tuliipata hivi, tuliondolewa siku hii, tulikuwa wangapi, hatukukubali. Uingereza ikajibu kwa hoja zake za King'ori na fidia. Na mataifa mengine yakasikiliza pande zote mbili.

Tazama walichobeba. Hawakubeba kilio peke yake. Walibeba tarehe, idadi, majina ya mahali, historia ya ardhi. Sisi wauguzi tunafundishwa tangu chuoni: huduma isiyoandikwa ni huduma isiyotolewa. Ukichoma sindano usipoandika kwenye kadi, kesho mwenzako atauliza, "Mbona huyu hakuchanjwa?" Utaapa mpaka basi, kadi itakushinda. Wameru walijaza kadi yao. Ndiyo maana New York hakuna aliyeweza kusema watu wale hawakuwepo, au waliondoka kwa hiari yao.

POSTI YA 5

Mnataka kujua kama walishinda. Nitasema ukweli, maana nisipousema mtakuja kuusoma kwingine mseme nesi alitudanganya.

Mwaka ule hawakushinda.

Baraza la Udhamini lilisikitika kuhusu kuhamishwa kwao na kuitaka serikali isirudie kuhamisha watu bila ridhaa yao, lakini halikuamuru ardhi irudishwe. Kirilo hakurudi nyumbani. Suala likapelekwa kwenye Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwishoni mwa 1952. Kwenye kamati, nchi nyingi ziliunga mkono Wameru warudishiwe ardhi yao. Lilipofika kwenye kikao cha wote, kura za kuwaunga mkono zilikuwa nyingi kuliko za kupinga, lakini zikakosa theluthi mbili. Zikakosa theluthi mbili tu, jamani. Azimio likaanguka.

Hebu jiweke nafasi ya mama aliyetoa fedha yake ya kahawa. Mtu wetu amevuka bahari, dunia nzima imetusikia, na bado shamba lina ng'ombe wa mtu mwingine. Ungesema nini? Mimi ningesema, si niliwaambia?

Lakini kuna mambo matatu yaliyotokea kwa sababu waliandika.

La kwanza, neno "ridhaa" likawekwa mezani. Kuanzia pale, kuhamisha watu kwa nguvu ili kumpisha mlowezi lilikuwa jambo la kujibiwa mbele ya dunia.

La pili, Kirilo aliporudi alisimulia. Watu wa sehemu nyingine za Tanganyika wakasikia kwamba inawezekana: Mwafrika wa mlimani anaweza kumshtaki mtawala mbele ya mataifa na akarudi mzima. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Machi 1955 Julius Nyerere akasimama mbele ya Baraza la Udhamini lile lile, kuidai nchi nzima. Njia alikuta imeshakanyagwa, na nyayo za kwanza zilikuwa za Mmeru aliyetumwa na majirani zake kwa habari ya shamba. Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ikawa huru.

La tatu ni ardhi yenyewe. Mpango wa ufugaji wa Wazungu pale Engare Nanyuki haukustawi kama ulivyotarajiwa, na hatimaye ardhi ikarudi mikononi mwa Wameru. Wanaolima nyanya pale leo wanalima mahali ambapo kwenye karatasi pasingekuwa pao. Kirilo na Seaton wakaandika kitabu juu ya kesi hiyo, kilichotoka mwaka 1967. Ndiyo, tena wakaandika.

Kwa hiyo ukiniuliza kama petisheni ilifanya kazi, nitakujibu kama ninavyomjibu mama anayeniuliza kama chanjo imefanya kazi wakati mtoto analia na mguu umevimba. Subiri mama. Haifanyi kazi siku ile ile.

POSTI YA 6, YA MWISHO

Sasa turudi nyumbani, maana hadithi bila matumizi ni kama dawa kabatini.

Mwaka 1952 Mmeru alilazimika kwenda New York. Wewe leo milango yako iko karibu zaidi. Katiba yetu, ibara ya 21, inasema kila raia ana haki na uhuru wa kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa. Kijijini kuna mkutano mkuu wa kijiji, na mjumbe wake ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea. Wewe mama unayenyonyesha ni mjumbe, si mgeni mwalikwa. Mkutano huo unatakiwa kufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Mjini kuna mkutano wa mtaa. Zahanati na kituo cha afya vina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi. Waulize ni nani, wengi wetu hatuwajui.

Na mlango wa mahakama upo. Mnamkumbuka Rebeca Gyumi? Alifungua shauri Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti kuolewa akiwa na miaka 15. Mwaka 2016 mahakama ikasema vifungu vile vinakwenda kinyume na Katiba, ikatoa mwaka mmoja sheria irekebishwe. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Mwaka uliotolewa ulipita bila sheria kubadilishwa. Unaona? Ni ile ile ya Wameru: unashinda nusu, unabanwa nusu, unaendelea. Ila hakuna tena anayeweza kusema suala lile halikuwahi kuulizwa.

Kwa wale watakaoandika, haya ndiyo niliyojifunza kwa Wameru. Andika jambo moja, usichanganye kumi. Weka tarehe, weka idadi. Usiandike "watoto wengi wananyeshewa", hesabu siku ya kliniki walikuwa wangapi, andika. Sema unachotaka kifanyike na nani anapaswa kukifanya. Wekeni majina na sahihi, asiyejua kuandika aweke dole gumba. Baki na nakala, iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Halafu chagueni mtu wa kufuatilia, nauli mchangie wote, asibaki peke yake na deni. Na mwandike kwa heshima. Ukitukana, watajibu tusi lako na hoja yako wataiacha pale pale.

Yule mama wa mapacha? Nilimsimulia kisa hiki siku ya kliniki iliyofuata, huku nampima mtoto. Akacheka, akasema, "Kumbe na wale walikuwa wa kubeba ndizi." Akaomba karatasi kwenye daftari langu.

Wiki ile mama 61 waliweka majina. Baba wanne pia, tuwapongeze. Barua ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimama kuisoma, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kampa shoga yake. Mwenyekiti alisema atalifanyia kazi. Miezi minne kimya. Wakaandika tena, wakaambatanisha nakala ya kwanza.

Leo pana paa la mabati na mabenchi mawili mbele ya chumba cha kupimia. Bomba bado kavu. Barua ya bomba imepelekwa Jumatatu, na nakala yake ninayo kwenye droo, ina muhuri.

Jumatano ni siku ya kliniki. Njooni na kadi. Na kesho, Mungu akipenda, tunarudi kwenye uji wa mtoto wa miezi sita.

Muuguzi wenu.